Dilka Juu ya Chuma

Mwezi uliopita kulikuwa na harusi kwa majirani. Siku hizi mimi naalikwa kwa heshima tu: nakalishwa kwenye kiti chenye mto, napewa chai isiyo na sukari bila kuulizwa, na wasichana wananisalimia wakiwa wameshanipita. Waliniweka karibu na mlango wa chumba ambamo shangazi za bibi harusi walikuwa wakimpaka dilka. Mmoja wao akarusha mkono ovyo, donge likaangukia ukingo wa jiko la makaa. Likachemka, likatoa moshi mzito. Wenzake wakakohoa na kucheka. Mimi nilisimama nikatoka nje, nikaegemea ukuta mpaka moshi ulipokwisha.

Kwa msomaji asiye Mnubi, dilka ni unga wa mtama uliofukizwa kwa moshi wa msandali siku nyingi, kisha ukakandwa kwa mafuta ya simsim na karafuu mpaka ukawa donge jeusi. Mwanamke hupakwa mwili mzima, halafu husuguliwa polepole mpaka lile donge litoke kwa makombo, na ngozi ibaki laini ikinukia. Ni jambo la bibi harusi na la mke kwa mumewe. Wanaume wa enzi zetu waliinusa wakanyamaza. Mwanamume kuitaja mbele ya mwanamume mwenzake ilikuwa sawa na kumsimulia nguo za ndani za mkewe.

Harufu ya dilka yenyewe kila mwanamke wetu anaijua. Ila harufu yake ikiungua juu ya chuma, nadhani nimebaki peke yangu ninayeikumbuka, na nimeibeba mpaka nimechoka. Wacha niiandike. Wa rika langu mtanielewa, na vijana wakitaka wasome, wasipotaka waendelee na simu zao.

Tulikaa Kambi Muru, Kibra, katika nyumba ya udongo na mabati, mahindi nyuma, ng'ombe wawili kando. Mnakumbuka Kibra ile, unatoka mlangoni unaona majani, na jirani ukimtaka inabidi upaze sauti. Baba alikuwa na pikapu. Wakati wa vita vya pili vya Mjerumani alikuwa dereva jeshini, na aliporudi akaipata ile pikapu kwa mzungu mmoja wa shamba aliyekuwa akirejea kwao. Ilikuwa kuukuu tangu siku hiyo. Kila siku isipokuwa Ijumaa alipakia maziwa ya Kibra, akapitia Riruta na Kawangware kuchukua kabichi na viazi vya wakulima, akashusha sokoni mjini. Sisi watoto tuliujua mlio wake kabla haijatokeza.

Lakini ilikuwa inaoza. Maziwa humwagika, kabichi hutoka shambani na maji yake, na barabara zetu zilikuwa tope nusu ya mwaka. Chini ya milango kulikuwa na matundu ambayo mkono wangu ulipita. Madigadi ya nyuma yalibanduka magamba mekundu ukiyagusa. Sakafu ya nyuma Baba alikuwa ameilaza mbao, kwa sababu chuma chenyewe hakikuwepo tena.

Siku moja alirudi na karatasi. Mkaguzi wa magari alikuwa amempa majuma mawili: bodi iwe nzima, la sivyo namba zing'olewe. Baba alimsomea Mama karatasi ile akiwa bado amesimama, kofia mkononi.

"Wakizing'oa, nitakwenda kule kwenye mkonge, niwe askari wa lango," alisema. "Nafasi ipo. Nimeshaulizwa."

Mama aliendelea kuchagua mchele. Shamba la mkonge lilikuwa mwendo wa siku nzima kwa gari moshi. Wanaume wa Kibra waliokwenda huko tuliwaona Idi hadi Idi, wakaja wamekonda, na watoto wao wakawaogopa. Nilikuwa na miaka minane hivi, na hilo la kumwogopa baba yangu ndilo lililoniingia moyoni kuliko karatasi yenyewe.

Baba alikuwa na fundi mmoja tu aliyemwamini duniani, Njuguna wa Kawangware. Walijuana jeshini, Baba akiendesha malori, Njuguna akiyanyoosha karakana. Waliitana Koplo, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika ukoplo. Njuguna alikuwa Mkikuyu mfupi, mtu wa kanisa, mwenye koti la jeshi lililofifia rangi, na vyombo vyake alivibeba kwenye gunia: nyundo tatu, mkasi wa bati, kipande cha reli cha kugongea, na kile chuma chenye ncha ya shaba cha kulehemu. Alikuja kwa miguu kutoka Kawangware kila asubuhi, akavuka bonde na Barabara ya Ngong, akafika viatu vikiwa vimelowa umande.

Siku ya kwanza aliizunguka pikapu akiigonga kwa kifundo cha kidole.

"Koplo, hii gari yako imekwisha," alisema. "Hapa unaona rangi tu. Chuma ilienda zamani."

"Itasimama?"

"Nikikata hii yote nipige mpya, itasimama. Lakini kazi ni mingi. Na hii manyunyu ya sasa ni mbaya sana kwa chuma."

"Basi tuanze," Baba akasema, akavua kanzu.

Ilikuwa miezi ile ya baridi, mawingu yamekaa chini, manyunyu yanakuja na kwenda. Njuguna alikata sehemu zilizooza kama anayekata ukoko wa mkate. Alipasua pipa la zamani, akalinyoosha juu ya kipande cha reli, akakata viraka na kuvipiga mpaka vikafuata mkunjo wa mlango. Kazi ya Baba ilikuwa kukwangua. Alikwangua kwa brashi ya waya na kipande cha tofali mpaka kutu yote ikatoka na chuma kikawa cheupe. Jioni walifunika kila kitu kwa turubai. Asubuhi wakifunua, chuma kilikuwa kimeshaanza kuwa chekundu tena.

Hawakuweza kulehemu mara moja, maana risasi, ile ya kuyeyusha na kuunganishia chuma, ilikuwa haijapatikana. Mhindi wa dukani aliwaambia wangoje. Kwa hiyo walikwangua, wakafunika, wakafunua, wakakwangua tena. Ilikuwa hivyo siku tatu mfululizo. Asubuhi ya tatu Baba alisimama mbele ya mlango ule mwekundu, mikono kiunoni, muda mrefu. Njuguna hakuwa mtu wa kulalamika. Alivua koti akalitundika kwenye mti wa uzio, akachukua brashi.

Sasa nifikie upumbavu wangu. Baba aliingia ndani jioni na vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Maji yake ya kuoga yalikuwa mekundu. Alianza kukohoa, na akawa analala kabla chakula hakijaiva, yeye ambaye zamani alikuwa wa mwisho kulala. Kijana wa jirani yetu alikuwa na choa kichwani. Mama yake alikisugua mpaka damu ikatoka, na baada ya siku mbili kilikuwa kimerudi, tena kimemshika na dada yake. Mimi nikaviweka pamoja. Niliamini kutu ni ugonjwa wa ngozi, unabanduka magamba, unakwanguliwa, unarudi, na unaambukiza. Niliamini umeshamshika Baba.

Na nyumbani kwetu dawa ya ngozi ilijulikana. Haboba, mama yake Baba, ndiye aliyekuwa akitengenezea dilka nusu ya mabibi harusi wa Kibra. Wanawake walikuja kwake kutoka Makina, kutoka kila pembe. Nilikaa miguuni pake mara nyingi akisugua migongo ya watu, na kila mara aliwaambia maneno yaleyale: ngozi kavu ndiyo inayokamatwa na kila kitu, ngozi iliyoshiba mafuta haipatwi na jambo. Nilimsikia akiyasema tangu nina akili. Sikuona kwa nini yasihusu gari.

Risasi ilipatikana Alhamisi. Siku ile walikwangua kwa mara ya mwisho, wakabana viraka vyote kwa ribiti ndogondogo, misumari ya kushikilia bati kwa muda, na Njuguna akasema, "Kesho tunachoma." Akaondoka mapema kabla mvua haijashuka. Baba alikwenda msikitini kuswali magharibi. Mama alikuwa jikoni, Haboba kwenye mkeka wake anaswali. Nilitambaa chini ya kitanda cha Haboba, nikafunua bakuli lililofungwa kwa kitambaa, nikachota donge la dilka lililojaa viganja viwili.

Niliifanya kazi vizuri, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Niliinua turubai nikapaka milango yote miwili, nikapaka madigadi, nikasugua kwa kiganja kwa kuzungusha kama nilivyoona. Kwenye kingo za viraka, ambako ribiti zilikuwa zimebana chuma juu ya chuma, nilisukuma dilka kwa kidole mpaka ikaingia ndani, kwa sababu kwangu mimi zile kingo zilikuwa vidonda. Kisha nikasugua mpaka makombo yakatoka. Makombo nikayafagia, kuku wakayala. Chuma kikabaki kinang'aa kidogo, kama goti la mtu aliyetoka kuoga. Nikarudisha turubai, nikanawa kwa jivu.

Asubuhi Baba alifunua turubai, na chuma kilikuwa cheupe. Hapakuwa na hata doa la wekundu.

"Koplo, njoo utazame," aliita.

Njuguna alikuja akainama. "Leo Ngai ametuonea huruma," alisema.

Baba alicheka. Sikuwa nimemwona akicheka tangu ile karatasi, na mimi niliyekuwa mlangoni na kikombe cha maziwa nilijaa furaha mpaka nikashindwa kunywa. Ile furaha ilikaa kama robo saa. Nimepata furaha nyingine maishani, za ndoa na za watoto, lakini ile ndiyo ninayoikumbuka kwa aibu.

Wakawasha jiko. Chuma cha kulehemu kikawekwa kwenye makaa mpaka ncha ikabadilika rangi. Njuguna akapaka asidi kwenye ukingo wa kiraka, akashika risasi, akagusa. Risasi ikayeyuka, ikajiviringa vidonge vidonge kama maji juu ya jani la nduma, ikaanguka chini. Akajaribu tena. Ikaanguka.

"Huyu Mhindi amenipa takataka," akasema.

Akakirudisha chuma motoni, akakipasha moto zaidi, akakikandamiza kwa nguvu kwenye ukingo. Hapo ndipo moshi ulipotoka. Msandali, karafuu na simsim iliyoungua, harufu ya chumba cha bibi harusi, katikati ya uwanja wetu asubuhi ya Ijumaa, mbele ya wanaume wawili wenye masizi mikononi.

Baba alikuwa ameshika kiraka kwa koleo. Aliinua kichwa. Akatazama dirisha la Haboba, kisha akanitazama mimi mlangoni, na hakuondoa macho mpaka mimi nilipoinamisha yangu.

"Nini inanuka hivi?" Njuguna aliuliza. "Kama sabuni ya memsahibu."

"Ni makaa," Baba akasema.

"Makaa gani inanuka hivi?"

"Makaa ya huku kwetu. Endelea, Koplo."

Nimeirudia ile asubuhi mara nyingi kuliko sala zangu. Risasi haishiki penye mafuta. Laiti angesema neno moja, Njuguna angeng'oa viraka, angeviosha kwa magadi na maji ya moto, akavifuta kwa petroli, akavikausha jua likitokeza. Siku moja ingepotea, na walikuwa na siku nne. Lakini kusema lile neno kulimaanisha kumwambia mwanamume mwenzake kwamba kilicho juu ya gari lake ni kile ambacho wake zetu hujipaka usiku. Na pengine alinionea huruma mimi, sijui. Sikuwahi kumuuliza. Alinyamaza, na Njuguna akaendelea kupigana na chuma.

Alikwangua kingo kwa kisu. Aliongeza asidi, akaongeza risasi mara mbili, mpaka jioni viraka vikashika, au vilionekana vimeshika. Jumapili alikosa kanisa kwa ajili yetu, akapiga rangi nyekundu ya chini, kisha ya kijani juu. Rangi nayo ilikuwa inafungua vitundu vidogo vya mviringo, ikikimbia sehemu fulani. Aliviziba kwa ncha ya kidole, kimoja kimoja, akinung'unika kwa Kikuyu. Alipomaliza, pikapu ilionekana mpya ukiwa mbali. Watoto wa Kambi Muru walikuja kujitazama kwenye milango.

Jumanne walikwenda wote wawili kwa mkaguzi. Njuguna alitaka kuona kazi yake ikipita, alivaa lile koti lake limepigwa pasi. Sikuwepo, yaliyotokea niliyasikia Baba akimsimulia Mama, polepole, kama mtu anayesoma barua ya msiba. Mkaguzi aligonga kwa nyundo ndogo, mbele kulikuwa sawa. Alipofika chini ya mlango wa kushoto aligonga mara mbili, akachukua bisibisi, akaipenyeza ukingoni. Kiraka kikainuka kizima pamoja na ribiti na risasi yake, kama kifuniko cha kopo. Chini yake chuma kilikuwa kinang'aa.

Mkaguzi hakumwuliza Baba kitu. Alimgeukia Njuguna, mbele ya madereva waliokuwa wamepanga foleni.

"Wewe nafanya hii? Wewe hapana fundi. Wewe naficha ubovu na rangi."

Namba ziling'olewa palepale. Pikapu ilivutwa kurudi Kibra kwa lori la rafiki yake Baba, na Njuguna akiwa ameketi nyuma juu ya zile mbao. Aliposhuka aliliweka gunia la vyombo chini ukutani kwetu.

"Koplo, nisamehe," alisema. "Mkono yangu imekwisha. Risasi inakataa mkono yangu."

"Si makosa yako."

"Ni ya nani basi?"

Baba alitazama mahindi. Njuguna alingoja kidogo, kisha akaondoka. Gunia alikuwa ameliacha, na hakuna aliyemwita alirudie.

Haboba alikuwa ameshagundua bakuli lake limepungua; hakunikemea, alinitazama tu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Siku zilizofuata Mama alishona vifungo kwenye shati la kaki la uaskari wa lango. Baba angesafiri Jumatatu kwenda mkongeni. Jumamosi mchana aliingia chumbani akaniambia, "Vaa viatu. Tunakwenda Kawangware."

Alibeba gunia la Njuguna begani. Tulivuka Barabara ya Ngong, tukaanza kushuka bondeni, yeye mbele mimi nyuma. Tulipofika kwenye mashamba ya viazi alisema bila kugeuka, "Ulipaka wewe."

"Nilipaka."

"Kwa nini?"

"Kutu ilikuwa inarudi kila asubuhi. Na ilikuwa imekushika."

Alitembea hatua nyingi. "Ilinishika mimi," akasema, kwa sauti ndogo, kama anayejaribu uzito wa kitu. Kisha akasema, "Utamwambia Njuguna mwenyewe. Mimi siwezi kulitaja jambo hilo kwake. Wewe ni mtoto, kwako si aibu."

Nyumbani kwa Njuguna palikuwa na migomba, kibanda cha mbuzi na nyumba ya udongo iliyopakwa chokaa. Yeye alikuwa analima. Alipoona gunia alitikisa kichwa.

"Hiyo ungekaa nayo," alisema. "Mimi sasa ni mtu wa jembe."

Mkewe alituletea uji kwenye vikombe vya bati, akakaa nasi, mwanamke mpole mwenye pengo mbele. Baba alinitazama. Huo ulikuwa wakati wangu. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima, yalikuwa machache tu, lakini nilipofungua mdomo hayakutoka. Nilitazama uji. Baba alingoja. Mke wa Njuguna akaninyooshea mkono, akasema kwa Kiswahili cha taratibu, "Kunywa, mama. Utasema baadaye."

Baba akaweka kikombe chini.

"Njuguna," alisema. Sikuwahi kumsikia akimwita kwa jina lake. "Wanawake wetu wana mafuta yao. Yanaitwa dilka. Hupakwa bibi harusi, na mke hujipaka kwa ajili ya mumewe." Alikuwa anatazama ardhi katikati ya miguu yake, na shingo yake ilikuwa imetoa jasho ingawa kulikuwa na baridi. "Mtoto huyu aliyachukua kwa bibi yake akaipaka gari. Milango, madigadi, mpaka ndani ya viraka. Alidhani anaitibu. Na mimi nilijua. Ile siku moshi uliponuka, nilijua. Niliona aibu kusema, nikakuambia ni makaa."

Mke wa Njuguna aligeuza uso, akaanza kuokota majani yasiyohitaji kuokotwa. Njuguna hakusogea.

"Ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Siku ile. Mimi nikiwa naweza kuosha."

"Ndiyo."

"Halafu ukaniacha niende kutukanwa mbele ya watu."

"Ndiyo," Baba akasema. "Ndiyo maana nimekuja."

Nilitarajia ugomvi. Badala yake Njuguna alinigeukia mimi.

"Wewe. Ile asubuhi chuma ilikuwa nyeupe. Ilikuwa ni hiyo mafuta?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Akavuta gunia, akatoa chuma cha kulehemu. Alikwangua ncha yake kwa ukucha, akainusa, akainusa tena. Kisha akamwambia mkewe jambo kwa Kikuyu, taratibu, na alipoona sisi hatuelewi akalirudia. "Nilikuwa nimesafisha vizuri. Chuma ilikuwa safi. Mkono haikuwa na makosa." Alisema hivyo mara mbili. Macho yake yalikuwa yamelowa. Akainuka na gunia lake, akaingia nalo ndani, na hakutoka.

Tulingoja kidogo, kisha Baba akamshukuru yule mama kwa uji, tukaondoka. Mnajua desturi ya Wakikuyu na yetu pia: mgeni husindikizwa mpaka njiani, hata mgeni asiyependwa. Njuguna hakutusindikiza. Baba aligeuka mara moja pale kwenye migomba kutazama kama anakuja.

Nitamalizia habari zao haraka kwa sababu zinachosha. Njuguna alirudi kwenye kazi yake. Miaka mingi nilipopita Kawangware nilisikia nyundo yake, na watu walisema hakuna fundi kama yeye. Kwetu hakukanyaga tena. Pikapu ilikatwakatwa, vipande vikauzwa. Baba alikwenda mkongeni ile Jumatatu, akakaa huko mpaka mimi nikaolewa. Alikuja Idi hadi Idi, amekonda kama wale wengine. Sikumwogopa, lakini kila alipokuja tulikuwa tumesahau namna ya kuzungumza, na tulipoanza kukumbuka likizo ilikuwa imekwisha.

Siku ile ya Kawangware tulirudi kwa njia ileile. Tulipofika chini bondeni miguu ilinikataa. Nilikaa kwenye nyasi zilizolowa na nikamwambia Baba jambo nililokuwa nimelisubiri juma zima.

"Baba, nipige basi, tumalize."

Alisimama akanitazama. Uso wake ulikuwa wa kijivu.

"Nani akupige?" alisema. "Mimi nimechoka."

Kisha akachuchumaa, akanigeuzia mgongo. Nilikuwa mkubwa wa kubebwa. Miguu yangu ilining'inia karibu na magoti yake. Alipanda kile kilima anahema, akisimama kila baada ya hatua chache, na kila aliposimama nilingoja anishushe. Hakunishusha mpaka nyumbani.